Jinsi ya kupanga na kutunza uga wa nyasi bila kupoteza pesa na maji

WATU wengi wanaojenga nyumba viungani mwa miji huahirisha suala la ua hadi rangi ya mwisho ikauke ukutani na fundi awe amelipwa. Wakati huo pesa huwa zimekwisha, na ardhi yenyewe huwa imeharibika. Udongo wa juu umefunikwa na ule uliochimbuliwa msingini, malori ya mawe yamekanyaga kila pembe, na mabaki ya saruji na kokoto yamefukiwa chini ya tabaka jembamba la udongo mwekundu ulionunuliwa.

Juu ya kifusi hicho ndipo nyasi hupandwa. Hunawiri kwa wiki kadhaa, kisha hugeuka manjano mabakamabaka, na mwenye nyumba humlaumu aliyemuuzia. Mara nyingi muuzaji hana hatia. Mizizi imegonga mwamba wa saruji, ambayo licha ya kuizuia hubadilisha hali ya udongo ukawa na chokaa kupita kiasi.

Kazi ya kwanza, kwa hivyo, huanza siku ya kuchimba msingi. Udongo wa juu, takriban sentimita 15 hadi 20, ukwanguliwe na kulundikwa pembeni mwa ploti, mbali na njia ya malori. Hapo ndipo penye rutuba. Baada ya ujenzi kukamilika, kifusi kiondolewe, ardhi ilimwe hadi kina cha jembe, kisha udongo huo urejeshwe na kuchanganywa na samadi iliyooza vyema. Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu ambazo mifugo ilikula.

Mwinamo nao huamuliwa mapema. Ardhi inapaswa kushuka kutoka ukutani angalau sentimita mbili kwa kila mita moja ili maji ya mvua yaikimbie nyumba. Jambo hili ni zito zaidi kwa wakazi wa Kitengela, Athi River na Syokimau, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi hufura unapolowa na kupasuka unapokauka. Uga unaonyweshewa hadi mguuni mwa ukuta katika udongo wa aina hiyo unaweza kuleta nyufa ndani ya nyumba. Afadhali kuacha ukanda wa kokoto wenye upana wa mita moja kuzunguka jengo, na kuanza kupanda nyasi baada yake.

Kuhusu aina ya nyasi, Wakenya wana bahati ambayo hawaitambui. Nyasi za Kikuyu, zinazopamba viwanja vya michezo na bustani katika mataifa kama Australia na Afrika Kusini, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetokana na jamii ya Wakikuyu. Huko ugenini husifiwa na kulaaniwa kwa wakati mmoja, maadamu huenea kwa kasi hadi zikahesabiwa kuwa magugu. Katika maeneo yenye baridi na mvua ya kutosha, mathalan Limuru, Nyeri au Kericho, ni vigumu kupata nyasi bora kuliko hizo. Hustahimili kukanyagwa na watoto, na zikikwaruzwa hujiziba zenyewe.

Hata hivyo, nyasi za Kikuyu hazipendi kivuli, na kiangazi kikali huzipausha. Chini ya miti, au kati ya kuta ndefu ambako jua hufika kwa saa chache tu, nyasi za Pemba huvumilia zaidi. Hizi zina majani mapana na hutambaa juu ya ardhi, nazo hufaa pia katika joto la Pwani na udongo wake wenye chumvichumvi. Kuna na ukoka, ambao wakulima huung'oa shambani kwa hasira. Ukipata jua la kutosha, ukoka hustahimili ukame kuliko aina nyingi zinazouzwa kwa bei ya juu kando ya barabara, na kwa familia inayonunua maji si wa kudharauliwa.

Kupanda kwa vitawi ndiyo njia nafuu. Kipande cha nyasi chenye mizizi hukatwakatwa, na kila kitawi hufukiwa kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa kingine. Uga hufunikwa katika muda wa miezi miwili au mitatu, nyasi zikipandwa mvua inapoanza, yaani Machi au Oktoba katika sehemu nyingi za nchi. Anayetaka kuona kijani siku hiyo hiyo hununua mikeka ya nyasi iliyokwisha kuota, lakini gharama hupanda mno, na mikeka iliyokaa juani kwa siku mbili kabla ya kutandazwa huwa imekufa nusu.

Swali ambalo wengi hawajiulizi ni la maji. Nyasi zinazokua huhitaji takriban sentimita 2.5 za maji kwa wiki. Hizo ni lita 25 kwa kila mita mraba. Uga wa mita 10 kwa 10, ambao si mkubwa, hunywa lita 2,500 kwa wiki wakati wa kiangazi, sawa na mitungi 125 ya lita 20. Kwa mkazi wa Nairobi, jiji ambalo maji yamekuwa yakigawanywa kwa zamu tangu Januari 2017, hesabu hiyo yatosha kumfanya apunguze ukubwa wa uga nusu nzima na kupanda miti ya matunda mahali pake.

Mabati ya nyumba yanaweza kumwokoa kwa kiasi. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 kwa usiku mmoja litamwaga lita 2,000, na hata baadhi zikipotea njiani, tangi halitakosa kitu. Tangi lenyewe lifunikwe, la sivyo litakuwa kitalu cha mbu. Maji yaliyofulia nguo yanafaa pia kwa nyasi, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, lakini yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

Kunyunyiza kidogo kila jioni ni desturi mbaya iliyoenea. Maji hayo hulowesha sentimita chache za juu, mizizi ikazoea kukaa papo hapo, na wiki moja ya ukame huiua. Afadhali kumwagilia kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi na mapema. Na nyasi zilizopauka Februari si lazima ziwe zimekufa. Nyasi za Kikuyu na ukoka hujificha chini na kuibuka tena mvua inaporejea. Mwenye subira huokoa maji mengi kwa kuziacha zilale.

Katika kufyeka, kanuni ni moja: usiondolewe urefu unaozidi thuluthi moja kwa mkupuo. Nyasi za Kikuyu zibakizwe na kimo cha sentimita tatu hadi tano, na za Pemba tano hadi nane. Wapo wanaokwangua hadi udongo uonekane ili fyekeo lisirudi upesi. Matokeo yake ni kwamba jua hupenya, na magugu huota mahali ambapo nyasi zingeyafunika. Miongoni mwa hayo, ndago ndilo sumbufu zaidi. Kulivuta jani lake ni kazi bure kwa kuwa viazi vyake hubaki ardhini na kuchipuka upya, hivyo sharti yachimbuliwe kwa kijembe, tena na tena, hadi yachoke.

Mbolea ya CAN hutosha mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua, kilo mbili kwa mita mraba 100. Imwagiliwe maji mara tu baada ya kutawanywa, kwani chembe zake zikikaa juu ya majani huyachoma.

Mipaka ya ua huleta mizozo kuliko nyasi. Michongoma huzuia wezi na ng'ombe, lakini isipopunguzwa kila baada ya miezi michache humla jirani ardhi yake kimyakimya. Mikaratusi na mifikasi ipandwe mbali na nyumba, mabomba na shimo la maji taka, kwa kuwa mizizi yake hufuata unyevu. Aidha, maua yanayopandwa nje ya lango, kwenye akiba ya barabara, hayana mwenyewe siku barabara inapopanuliwa.

Kuna mmea mmoja wa ua unaostahili kutazamwa upya na kila mzazi. Ni ule wenye majani membamba yanayong'aa, utomvu mweupe na maua ya manjano mfano wa tarumbeta, ambao wataalamu huuita Thevetia peruviana. Hupendwa kwa sababu hukua haraka na mifugo haiugusi. Sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu zilizo ndani ya tunda lake la kijani ndizo hatari zaidi. Mtoto anayeshukiwa kuzitafuna apelekwe hospitalini mara moja, hata kabla ya kuonyesha dalili yoyote, na tawi la mmea huo libebwe ili daktari alitambue.