Kalamu ya Mwanzi: Khati za Kiarabu katika Pwani ya Tanga

Khati, sanaa ya kuandika herufi kwa vipimo na uzuri, iliingia pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Uislamu, na ushahidi wake wa kale umebaki kwenye mawe. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa khati ya Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Yamechongwa kwenye matumbawe kwa mkono wa fundi aliyejua kazi yake: mistari ya herufi imenyooka, na ncha zake zinamalizikia kwa majani na maua. Upande wa Tanga, magofu ya Tongoni, kusini kidogo mwa mji, yana msikiti na makaburi takriban 40 ya karne ya 14 na 15. Nguzo za makaburi hayo zilitengenezewa vishimo vya kupachikia bakuli zilizotoka ng'ambo, zikiwemo za Kichina. Msafiri Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, alieleza habari za kigae kilichong'arishwa chenye maandishi ya Kiajemi.

Mawe, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya historia hii. Khati ya Mrima, yaani ya pwani hii ya bara, iliishi zaidi kwenye karatasi, na karatasi ina asili ya China. Kwa mapokeo ya huko, Cai Lun, mtumishi wa kasri la mfalme, ndiye aliyetangaza utengenezaji wake mwaka 105. Ufundi huo ulifika Samarkand katika karne ya 8, kisha ukaenea Baghdad na miji mingine ya Kiislamu. Pamoja na kutumia karatasi ileile, Wachina na Waarabu walishika njia mbili. Mchina huandika kwa brashi ya manyoya na wino wa masizi uliogandishwa, ambao husugua juu ya jiwe lenye maji. Mstari wake hunenepa anapokandamiza na kusinyaa anapoinua mkono. Mwandishi wa Kiarabu hutumia kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha bapa, na unene wa mstari wake hutegemea pembe anayoishikia. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliweka kipimo ambacho bado kinafuatwa: nukta moja ya kalamu ndiyo kizio, na kila herufi hupimwa kwa idadi ya nukta.

Mwanafunzi wa pwani hakuanza na karatasi, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali. Ilikuja na majahazi, nyingi ikiwa imetengenezwa Ulaya, hasa Italia. Chuoni, yaani kwenye darasa la Kurani, mtoto alipewa ubao. Mwalimu alimwandikia herufi au aya, mtoto akaisoma hadi ikakaa kichwani, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa upya. Wino ulipikwa nyumbani kwa masizi au nafaka iliyochomwa ikawa mkaa, ukachanganywa na gundi ya mti ili ushike, ukatiwa katika kidau. Kuchonga kalamu kulikuwa somo la peke yake. Mwanzi ulikatwa mshazari, ukapasuliwa katikati ya ncha ili wino ushuke taratibu, na mwandishi aliyechonga vibaya aligundua kosa lake katika mstari wa kwanza.

Kuandika Kiarabu kulikuwa na kanuni zilizokwisha kuwekwa. Kuandika Kiswahili kwa herufi hizohizo ndiko kulikomtia mwandishi wa Tanga kazini. Kiarabu hakina herufi za p, v, ch na g kama zinavyotamkwa huku, na irabu zake ni tatu tu: fataha kwa a, kasra kwa i, dhuma kwa u. Waandishi wa zamani waliziba mapengo hayo kwa herufi jirani. P iliandikwa kwa ba, v kwa fa, g kwa ghaini, na e ikaingia katika kasra pamoja na i. Sauti mb na nd mara nyingi ziliandikwa bila m wala n. Matokeo yake ni kwamba maneno baba, papa, pamba na bamba yaliweza kuandikwa kwa namna moja, na bibi akafanana na pembe. Msomaji alitambua neno kwa maana ya sentensi, na katika shairi alisaidiwa na mizani na vina. Kwa hiyo mtu asiyejua lugha vizuri hakuweza kusoma hata kama herufi zote alizijua.

Kasoro hizo zilishughulikiwa zaidi Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi na mmisionari W. E. Taylor, na katika kazi hiyo zikatumika nukta na alama za nyongeza ili kila sauti ya Kiswahili ipate herufi yake. Baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) naye alitengeneza utaratibu wa namna hiyo.

Kazi kubwa ya kalamu ya Tanga ni tendi. Jina linalotangulia ni la Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni wa ukoo uliotoa masheikh na makadhi. Ndiye mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H., unaosimulia vita vya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, dhidi ya Wajerumani, vilivyoanza mwaka 1888 na kumalizika kwa Abushiri kunyongwa Pangani Desemba 1889. Thamani ya kazi hii ni kubwa kuliko inavyotajwa kawaida, kwa kuwa ni habari za ushindi wa Wajerumani zilizoandikwa upande wa walioshindwa, kwa lugha yao na katika kipindi chao. Kwa herufi za Kilatini ilichapishwa miaka ya 1950 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen.

Hati ya utenzi ina mpangilio wake. Ubeti wa vipande vinne mara nyingi huandikwa katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, vipande vikitengwa kwa alama ndogo. Hivyo kina cha kituo, kinachorudi katika kila ubeti, huteremka pembeni kushoto ukurasa mzima. Jicho hukiona kina kabla sikio halijakisikia. Mwandishi huanza kwa Bismillahi. Chini ya ukurasa huweza kuandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, kurasa zisije zikapotea mpangilio. Mwishoni hutia jina lake na tarehe ya Hijria. Mapambo ni machache. Misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilitiwa nakshi nyekundu, nyeusi na za manjano. Tendi za Mrima ziliandikwa ili zisomwe kwa sauti barazani, na mwandiko wake unalenga kusomeka.

Nje ya tendi, kalamu ileile iliandika barua za biashara, mauzo ya mashamba, talaka na mirathi. Wajerumani walipoingia walikuta majumbe na wafanyabiashara wakiandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na wenyewe ikawabidi wajifunze. C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa barua za namna hiyo Berlin mwaka 1892, na Carl Velten akatoa kitabu cha kufundishia mwandiko huo mwaka 1901.

Hata hivyo, serikali hiyohiyo ya Wajerumani ndiyo iliyouondoa mwandiko huo maofisini. Shule ya serikali ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafundisha herufi za Kilatini kwa vijana waliotakiwa kuwa makarani na walimu. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904, lilichapwa katika shule hiyo kwa herufi hizo. Waingereza waliendeleza njia hiyo, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia ya Kilatini peke yake. Mwandiko wa zamani haukushindwa kwa sababu ya upungufu wa irabu, kwani tiba yake ilikwisha kupatikana Mombasa. Ulishindwa kwa sababu ajira, kodi na mitihani vilihamia upande mwingine. Badiliko hilo linaonekana ndani ya ukoo wa el-Buhriy. Tendi za Hemedi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu; mwanawe Sheikh Ali bin Hemedi, aliyekuwa kadhi, aliandika juu ya mirathi na nikahi, na vitabu vyake vikachapwa kwa Kilatini. Wakati huohuo misahafu iliyochapwa Bombay na Cairo ilipunguza kazi ya kunakili kwa mkono.

Kilichosalia ni matumizi ya dini na tiba. Katika madrasa za mitaa ya Tanga kama Makorora na Ngamiani, mtoto bado huanza na alifu, ingawa sasa kwa daftari na kalamu ya dukani. Kombe nalo lipo: aya huandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Hapa mwandiko haukusudiwi kudumu, lakini lazima uwe sahihi.

Hati za zamani zimetawanyika. Allen alikusanya nyingi kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam na kutoa orodha yake mwaka 1970. Nyingine ziko katika chuo cha SOAS, London, na nyingine bado zimo masandukuni mwa familia, ambako unyevu wa pwani na mchwa huziharibu. Kuzipiga picha kunaokoa herufi, ila usomaji unabaki mgumu. Penye ba mbili na fataha mbili bado panahitajika mtu anayejua Kiswahili cha Mrima na mizani ya utenzi ili aseme kama ni papa au pamba, na wazee wenye ujuzi huo wanapungua haraka kuliko vijana wa kuwarithi wanavyofundishwa.