Unafuu wa Bunduki Kuukuu: Biashara ya Silaha Zilizotumika katika Mwambao wa Kusini wa Ziwa Viktoria, 1870–1900

Wanahistoria wa biashara ya silaha Afrika Mashariki wamezoea kuuliza ni bunduki ngapi ziliingia. Mwaka 1888, Euan-Smith, konseli wa Uingereza mjini Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kila mwaka kuelekea bara. Makadirio hayo yanaonesha ukubwa wa biashara, lakini hayaelezi hali ya bunduki zenyewe wala hesabu aliyoifanya mnunuzi wa Usukuma au Buganda alipotoa pembe ya ndovu na kupokea silaha iliyokwisha kutumiwa na askari wa nchi nyingine. Insha hii inajadili hesabu hiyo. Hoja yake ni kwamba unafuu wa bunduki kuukuu haukuwa kwenye bei tu. Ulitokana na uwezo wa mnunuzi kuilisha na kuitengeneza bila kumtegemea muuzaji, na baada ya 1890 ukuukuu huohuo uligeuzwa kuwa mpaka wa kisheria dhidi yake.

Chanzo cha unafuu kilikuwa Ulaya. Katika muda wa kizazi kimoja, majeshi makubwa yalibadili silaha mara kadhaa. Waingereza waliacha bunduki za kushindilia za Enfield wakachukua Snider mwaka 1866, kisha Martini-Henry mwaka 1871, na Lee-Metford mwaka 1888. Wafaransa walitoka kwenye Chassepot ya 1866 wakaingia Gras ya 1874 na Lebel ya 1886. Kila badiliko liliacha maghala yamejaa silaha zisizohitajika. Wafanyabiashara, hasa wa mji wa Liège nchini Ubelgiji, walizinunua kwa bei ya chini, wakazikarabati na kuziuza katika masoko ya mbali, likiwemo la Zanzibar.

Kutoka Zanzibar bidhaa hizo zilivushwa hadi Bagamoyo, zikapandishwa Tabora kwa misafara, na baadhi zikafika Kageyi, bandari ya Usukuma mashariki ya mahali ulipo mji wa Mwanza. Stanley alipofika Kageyi mwezi Februari 1875, njia ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa tayari imekwisha kufunguliwa, na mmoja wao, Songoro, alijishughulisha na kuunda vyombo vya kuvukia ziwa. Kila bunduki ilisafiri mabegani mwa wapagazi, ambao mzigo wao wa kawaida ulikaribia frasila mbili, kwa mwendo wa miezi. Hivyo silaha iliyokuwa takataka Ulaya haikufika ziwani kwa bei ya takataka. Gharama ya safari ililipwa kwa pembe na kwa watu waliouzwa utumwani.

Kwa nini basi mnunuzi aliikubali? Kasoro zake zilifahamika. Bunduki ya gumegume ilichelewa kujazwa, baruti yake ikipata unyevu haikuwaka, na mtutu uliochakaa uliweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Methali isemayo rahisi huvunja upishi ingeonekana kumhusu moja kwa moja. Hata hivyo, bunduki ya kushindilia ilikubali risasi ya chuma iliyofuliwa na mhunzi wa kijijini, na baruti ya kawaida iliyouzwa kwa vipimo vidogo. Bunduki ya kisasa, inayojazwa nyuma ya mtutu, ilihitaji risasi za kiwandani zenye ganda lake maalumu. Zilipokwisha, mwenye bunduki alibaki na rungu la bei ghali hadi msafara mwingine ufike.

Ufundi wa wenyeji uliongeza thamani ya silaha hizo. Lugard, aliyefika Buganda mwishoni mwa 1890, alisifu mafundi wa huko waliochonga vitako vipya na kutengeneza kamani za bunduki. Miongoni mwao alimtaja Kisule, aliyekuwa amejifunza kwa mmisionari Alexander Mackay. Penye fundi kama huyo, ubovu wa bunduki haukuwa mwisho wake.

Haifuatwi kwamba watawala waliridhika na silaha duni. Walitafuta bunduki bora kila walipoweza, na kwa ajili hiyo walihitaji mtu kama Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha kazi ya umisionari na kuwa mfanyabiashara wa pembe na silaha, mwenye makao Usongo katika Unyamwezi. Mwaka 1889, Kabaka Mwanga, aliyekuwa amepinduliwa na kukimbilia kusini mwa ziwa, aliondoka Bukumbi kwa chombo cha Stokes kwenda kupigania kiti chake. Tarehe 15 Januari 1895 Stokes alinyongwa kwa amri ya Kapteni Lothaire wa Dola Huru ya Kongo, akituhumiwa kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Kifo chake kilizua mgogoro baina ya serikali za Ulaya.

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kubadilika. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliotangazwa kama hatua ya kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Kabla yake, mnunuzi alichagua bunduki kuukuu kwa kupima faida na hasara. Baada yake, hiyo ndiyo pekee aliyoweza kuruhusiwa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa udhaifu wa silaha za Waafrika katika vita vya uvamizi haukuwa dalili ya ujinga sokoni. Kwa kiasi kikubwa ulipangwa mezani.

Dola ya Kijerumani yenyewe haikuepuka bidhaa kuukuu. Mwaka 1914 askari wake wengi wa Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ambayo jeshi la Ujerumani lilikwisha kuiacha, na moshi wa baruti yake uliwafichua walipo. Wao, tofauti na mnunuzi wa Kageyi, hawakupewa nafasi ya kupima bei.

Kutokana na mjadala huu, utafiti wa silaha katika Kanda ya Ziwa hauna budi kuvuka idadi na kuuliza maswali matatu: bunduki ilikuwa katika hali gani, risasi zake zilitoka wapi, na nani aliweza kuitengeneza. Maswali hayo yanafaa pia kwa gobori, bunduki ya kushindilia ambayo mafundi wa vijijini waliendelea kuiunda muda mrefu baada ya misafara kukoma. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 huitazama kama suala la leseni, ilhali katika historia ni ushahidi wa ufundi uliodumu.