Kuazima, Kupora na Kuhodhi

Katika mijadala inayowaka siku hizi mitandaoni juu ya rangi, jinsia na daraja za watu, ipo istilahi moja ya Waingereza ambayo vijana wetu wameipokea kabla Kiswahili hakijapata wasaa wa kuipima, nayo ni ile itajayo kitendo cha watu wenye nguvu kutwaa vazi, ngoma, neno au ibada ya watu walio dhaifu kuliko wao, wakaifanya yao na wakaneemeka kwayo, ilhali wenyewe hawapati shukurani wala faida. Wako wanaoifasiri "wizi wa utamaduni", wako wanaosema "uporaji", na wengine "unyakuzi", kama usemwavyo wa viwanja. Mimi naona fasiri zote tatu zina ila moja, na ila hiyo si ndogo, maana neno likikosea kutuonyesha dhuluma ilipo, hukumu nayo itamwangukia asiyehusika.

Kitu kilichoibwa hutoka mikononi mwa mwenyewe. Aliyeporwa mashua yake jana, leo havui. Lakini mgeni ajaye Bagamoyo, akaketi miezi kadhaa katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa, akajifunza kupiga ngoma mpaka viganja vikaota sugu, hurejea kwao na mapigo yale, na mapigo yaleyale yakabaki hapa hapa kwetu, hayakupungua hata moja. Tena tukishika kwamba kutwaa kwenyewe ndilo kosa, sisi watu wa pwani ndio tutakaokuwa washitakiwa wa kwanza: jina la leso tulilipata kwa Wareno, taarabu ilivuka kutoka Misri ikaingia Unguja enzi ya Sayyid Barghash, na lugha hii ninayoiandika imejaa maneno ya Waarabu, Waajemi na Wahindi. Tuliazima. Waliotuazima hawakupungukiwa, wala hatukumzuia yeyote kati yao kukitumia alichotupa.

Neno ninalolipendekeza si geni, nalo ni kuhodhi. Mfanyabiashara aliyekusanya mchele wa mji mzima akaufungia ghalani huambiwa amehodhi mchele, hata kama aliununua kwa fedha yake na kwa ridhaa ya wauzaji, kwa kuwa taksiri yake haiko katika kupata bali iko katika kuzuia. Basi uhodhi wa utamaduni ni kile kitendo cha kukishika kilicho cha wengine namna ambayo wenyewe wanageuka wageni mbele ya mali yao. Nililifikiria pia neno ghasibu, ambalo lina uzito wa kisheria na lafudhi nzuri, lakini ghasibu hutaka nguvu iliyo dhahiri, na mengi ya mambo haya yalianza kwa hiari ya mtoaji.

Yalianza hivyo kwa mtu wa hapa hapa, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, katika nchi ya Bagamoyo, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki ambako Wajerumani waliwatayarisha watu wao wa kwenda kutawala na kufanya kazi huku. Yeye, pamoja na Waswahili wengine, aliandika habari za desturi zetu, tangu kuzaliwa kwa mtoto hata maziko, za jando na harusi, za ngoma na tiba, za watumwa na mabwana zao, kwa Kiswahili ambacho hata leo mtu akikisoma kwa sauti husikia mazungumzo ya barazani. Kitabu kilipotoka Göttingen mwaka 1903, kwa Kiswahili na kwa tafsiri ya Kijerumani, jina lililotangulia lilikuwa la Carl Velten, mkusanyaji wake. Sisemi kwamba Velten hakufanya kazi, wala kwamba alimpokonya Mtoro karatasi zake kwa nguvu. Mtoro alitoa. Lakini ujuzi wa Waswahili ukawa elimu ya Ulaya, na katika elimu hiyo aliyekusanya akawa mwanachuoni, naye aliyejua akabaki kuwa chimbuko tu, kama kisima ambacho watu huteka maji wasiulize nani aliyekichimba.

Na hapo ndipo jambo hili linapogusana na rangi. Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani; mwaka uliofuata akasafiri naye kurudi kwao, na walipofika Dar es Salaam serikali ikawazuia wasishuke, kwa kuwa haikuvumilia kumwona mwanamke mweupe akiishi koloni kama mke wa mtu mweusi. Bagamoyo iko mwendo wa siku mbili au tatu kwa miguu kutoka pale. Walirudishwa Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927. Fikiri, msomaji: desturi za pwani zilikuwa na ruhusa ya kuingia katika kila maktaba ya Ujerumani, na aliyezieleza hakuwa na ruhusa ya kuingia pwani pamoja na mkewe. Sijaona mahali pengine ambapo maana ya kuhodhi imejidhihirisha kwa uchungu kama huu.

Mifano ya siku zetu ni miepesi ikipimwa na huo, lakini ni ya jinsi moja. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba maneno "hakuna matata" yasajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara juu ya fulana, ikakubaliwa mwaka 2003, na mwaka 2018 zaidi ya watu laki moja wakatia sahihi zao kupinga. Insafu inanilazimu kusema kwamba alama hiyo haimkatazi mtu kunena maneno yale, wala kuyaimba, kama walivyoyaimba Them Mushrooms wa Mombasa tangu mwaka 1982. Ni katika soko lile la fulana tu ndiko yalikofungiwa. Lakini ndiyo maana neno "wizi" halitoshi hapa, na kuhodhi latosha. Vivyo hivyo kampuni moja ya Uingereza ilipotaka jina la kikoi liwe alama yake, Wakenya wakaweka pingamizi na ombi likaachwa: hofu haikuwa kwamba Wazungu watavaa vikoi, bali kwamba mfumaji wa Kenya angezuiwa kuuza kikoi chake Uingereza kwa jina lake la asili.

Wala tusijitakase. Hilo ambalo Waingereza huliita kwa neno lao la daraja na nafuu asizozichuma mtu kwa jasho, pwani hii ililijua kwa jina la uungwana, na Mtoro mwenyewe, aliyedhulumiwa Ulaya, aliwaandika watumwa na watu wa bara kwa jicho la mwungwana. Watumwa walileta pwani ngoma, tiba na nyimbo za kwao. Mengi yakaitwa ya mji, na walioyaleta wakaendelea kuitwa washenzi. Huo nao ulikuwa uhodhi. Lakini mji huohuo ulijua njia nyingine, maana Sheikh Ramiya, aliyeletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, alisoma, akapewa ijaza, akawa sheikh mkubwa wa Kadiria katika Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 1931. Mwenye ijaza huruhusiwa kukitoa alichokipokea, na silsila yake huwataja mmoja mmoja waliokipokea kabla yake. Hakuna aliye katika silsila awezaye kulifuta jina la aliye juu yake akabaki na heshima. Laiti wenye vitabu, nyimbo na mavazi wangekuwa na silsila, nusu ya ugomvi huu usingekuwapo.

Kitabu cha desturi za Waswahili kilitafsiriwa kwa Kiingereza na J. W. T. Allen, kikachapishwa mwaka 1981, na safari hii ukurasa wa jina ulimtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari kuwa ndiye mwenye desturi hizo, pamoja na Waswahili wenzake. Alikuwa amekwisha kaa kaburini miaka 54.