Wadi Saba za Ndhiwa: Historia Fupi ya Bunge la Kaunti ya Homa Bay

Ndhiwa hupeleka wajumbe saba (MCA) katika Bunge la Kaunti ya Homa Bay: wa Kanyadoto, Kanyikela, Kwabwai, Kabuoch Kaskazini, Kabuoch Kusini/Pala, Kanyamwa Kologi na Kanyamwa Kosewe. Wanaochaguliwa na wadi za kaunti nzima ni 40. Wa kwanza walipatikana katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, lakini mizizi ya bunge hili ni ya zamani zaidi, na mmoja umepita kwa mwana wa Rusinga, mwanasiasa Tom Mboya.

Mwaka 1960 Mboya alimwomba wakili Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, awashauri wajumbe wa Kiafrika kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London. Marshall ndiye aliyeshinda kesi ya 1954 dhidi ya ubaguzi katika shule za kwao. Katiba aliyoizoea iliandikwa Philadelphia mwaka 1787 na watu waliomwogopa mtawala mmoja: waligawa mamlaka kwa bunge, rais na mahakama, kisha wakayagawa tena kati ya serikali kuu na majimbo. Hata hivyo, rasimu ya haki aliyoiandikia Kenya ilivuka mipaka hiyo. Aliingiza afya, elimu na kazi, mambo ambayo katiba ya Marekani haiyataji.

Uhuru wa 1963 ulikuja na Seneti na mabunge ya majimbo, la Nyanza likiwemo. Hayakudumu. Majimbo yalivunjwa 1964, na waziri wa mambo ya katiba aliyesimamia mabadiliko hayo alikuwa Mboya yuleyule. Tunamuenzi, na kaburi lake lipo Rusinga, lakini kwa hilo tuna haki ya kumnung'unikia. Seneti nayo ikafutwa mwishoni mwa 1966. Halmashauri za mitaa zilibaki, ila kwa miongo mingi mwenye neno zito alikuwa mkuu wa wilaya (DC), mteule wa Nairobi.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iligeuza mambo. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, nayo yatumiwe katika ngazi mbili, ya taifa na ya kaunti. Kaunti 47 zikatengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Gavana si mjumbe wa bunge la kaunti, na mawaziri wake hawaruhusiwi kuwa MCA. Bunge likitaka kumwondoa, hupiga kura, kisha Seneti ndiyo huamua, karibu sawa na Washington. Haki ya afya na elimu, iliyokuwa katika rasimu ya Marshall, nayo imo, Kifungu cha 43.

Ngazi hizo mbili zimegawana kazi: Hospitali ya Ndhiwa iko chini ya kaunti. Polisi, chifu na walimu wa shule za msingi wako chini ya serikali kuu. MCA wengi bado huulizwa mazikoni kuhusu walimu, maskini.

Mtihani mkubwa wa mfumo huu ulikuja baada ya uchaguzi wa 2017. Mgombea Oyugi Magwanga alipinga ushindi wa Gavana Cyprian Awiti. Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi huo Februari 2018, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwaka huohuo. Kwa miezi mingi gavana alikaa ofisini akiwa na hukumu mbili dhidi yake, na wa kuamua hatima yake hakuwa Ikulu. Februari 2019 Mahakama ya Juu ilimrejeshea ushindi. Awiti alimaliza muhula wake, na Agosti 2022 wapiga kura wakamchagua Gladys Wanga, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Homa Bay.