Wakfu, Sindano na Kikombe cha Methadoni

Jua halijapanda juu ya Barabara ya Digo, ile iliyoitwa Salim Road enzi za mkoloni, na tayari soko la Marikiti, hapa Mombasa, limechangamka. Mahamali wanasukuma mikokoteni ya ndizi na viazi, na wauza viungo wanafungua magunia ya iliki, mdalasini na bizari, harufu ikitangulia mbele yao hadi vichochoroni. Soko hili lilijengwa mwaka 1914. Serikali ililiita MacKinnon, lakini wenyeji walilichukua neno la Kiingereza la soko, wakalitia irabu zao, likawa Marikiti hadi leo.

Miongoni mwa wanaorauka kisiwani wamo watu wenye mikoba ambayo haina mboga wala viungo. Ukiifungua utakuta sindano mpya ndani ya karatasi zake, vipande vya pamba vyenye spiriti, vichupa vya maji safi, bandeji, na kasha gumu la manjano la kutupia sindano zilizotumika. Hawa ni wahudumu wa mitaani. Wanakwenda maskani, mahali ambapo vijana waliozama katika unga, yaani heroini, hukutana, kusafisha vidonda, kupokea sindano zilizotumika, kuwashawishi wapime damu na kuwaelekeza kliniki. Baadhi yao waliwahi kukaa maskani hizo hizo na kupigwa na arosto, maumivu yale yale ya kuukosa unga.

Nyuma ya mkoba huo kuna historia ya mji mzima kujifunza kushikana mikono, na tuianze pale mji ulipoanza wenyewe, kwenye wakfu.

Mali iliyofungwa kwa ajili ya watu

Katika miji ya Waswahili, mtu aliyejaliwa mali aliweza kuifunga nyumba, duka au shamba, isiuzwe wala isirithiwe, na pato lake liendeshe msikiti, kisima, madrasa au matunzo ya mayatima. Mji wa Kale umejaa nyumba za aina hiyo. Serikali ya kikoloni ilipoona uzito wa mali hizo ikazitungia sheria, na Sheria ya Makamishna wa Wakf ya mwaka 1951 iliongoza usimamizi wake kwa miongo mingi. Leo tukitafuta neno la taasisi inayotunza mali kwa manufaa ya umma, tunasema wakfu. Neno hilo lilikuwapo hapa kabla ya taasisi za kisasa kufika.

Afya ilikuwa ndani ya mpango huo tangu zamani. Kisima cha msikiti kilitoa maji ya udhu, na katika mji wenye joto na watu wengi, maji safi ni kinga ya kwanza ya maradhi. Aliyechimba kisima hakujiita mfadhili wa afya ya jamii, ingawa hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

Utawala wa Waingereza ulileta hospitali, na ukaleta pia utengano: Mzungu, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika hawakutibiwa kwa usawa. Jamii zikaanza kujijengea. Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa Mombasa mwaka 1944 kwa juhudi za Waismailia. Miaka mitatu baadaye, 1947, ikafunguliwa Pandya Memorial, kwa kumbukumbu ya J. B. Pandya, mfanyabiashara wa Mombasa aliyekaa katika Baraza la Kutunga Sheria na kufariki mwaka 1942. Hospitali zote mbili zingali zinatibu watu kisiwani. Kwa upande wa serikali, hospitali kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi wanaiita Makadara, ilibaki tegemeo la asiye na kitu.

Katikati ya miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa waliunda MEWA, yaani Muslim Education and Welfare Association. Jina lenyewe linataja elimu na ustawi pamoja. Chama hicho kiliendesha maktaba, kikatoa huduma za matibabu, kikasaidia wanafunzi. Waanzilishi hawakuweza kukisia kwamba kazi ngumu kuliko zote ingekuja katika pakiti ndogo za karatasi.

Unga waingia mjini

Heroini ilianza kuonekana Pwani ya Kenya katika miaka ya 1980. Ya kwanza ilikuwa ya kahawia, iliyoitwa brown sugar, na watumiaji wengi walivuta moshi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, na watu wengi zaidi wakahamia kwenye sindano. Sindano moja ikapita mikono mingi, na virusi vya Ukimwi vikapita nayo.

Mtaani watumiaji tuliwaita mateja, na neno hilo lilitosha kumfukuza mtu kila mahali: kwenye baraza, kwenye harusi, hata kwenye foleni ya zahanati. Akina mama walificha vyombo vya ndani visiuzwe. Baba aliyeheshimiwa mtaa mzima alipita njia ya nyuma ili asiulizwe habari za mwanawe. Huo ndio ugonjwa wa pili wa unga, aibu, na ulizuia tiba kuliko uhaba wa dawa.

Malindi ilitangulia. Omari Project ilianzishwa huko mwaka 1995 kuwasaidia watumiaji wa heroini. Mombasa nako, MEWA ikaingia katika tiba ya uraibu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikazaliwa Reachout Centre Trust. Trust ni wakfu, na hapa mtaji wa wakfu haukuwa nyumba wala duka bali watu walioujua uraibu kwa karibu na waliokuwa tayari kurudi maskani kumtafuta mwenzao.

Mwishoni mwa 2010 na miezi ya mwanzo ya 2011, heroini iliadimika ghafla Pwani. Anayeutazama unga kutoka mbali angedhani hiyo ni neema. Kumbe mwili uliozoea unga ukinyimwa kwa ghafla hupatwa na arosto: mifupa inauma, tumbo linaharisha, usingizi unakimbia, jasho la baridi linatiririka. Wapo waliotafuta vidonge vya kila aina kujaza pengo, na zipo familia zilizohangaika kutafuta tiba ambayo haikuwa tayari kuwapokea wote. Miezi ile iliwafundisha wengi kwamba kukamata unga bila kumtibu anayeutumia ni kufunga mlango mmoja wa nyumba inayoungua.

Ubishi wa sindano

Takwimu nazo zilikuwa zinapiga kelele. Serikali ilikadiria kwamba katika kila watu mia wanaojidunga nchini, zaidi ya 18 walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha asilimia 5.6 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64. Mwaka huo huo wizara ya afya ilitangaza mpango wa kugawa sindano safi.

Pwani ikawaka. Masheikh wengi walipinga hadharani, na hoja yao haikuwa ya kijinga: unampaje mtoto chombo cha kujiangamizia? Wazazi waliuliza swali hilo hilo kwa uchungu zaidi. Wauguzi nao walijibu kwa walichokiona: majipu, damu iliyoharibika, maiti za vijana.

Hapo ndipo ubia wa kweli ulipojengwa. MEWA, Reachout, Omari Project na Teens Watch ya Ukunda ziliingia pamoja katika mpango wa kupunguza madhara ulioratibiwa nchini na KANCO, mtandao wa mashirika, sehemu ya mradi uliofadhiliwa na serikali ya Uholanzi kati ya 2011 na 2014. Fedha zilitoka ng'ambo, ila maneno ya kuwashawishi watu yalitoka hapa hapa. Viongozi wa dini walialikwa kuzungumza na wataalamu wa afya. Ilitajwa mifano ya Iran na Malaysia, nchi za Kiislamu zilizokwisha kuruhusu sindano safi na methadoni. Ilijadiliwa kanuni ya fiqhi inayofahamika na kila mwanafunzi wa madrasa aliyepanda ngazi: madhara huondolewa, na kati ya madhara mawili yasiyoepukika huchukuliwa lililo jepesi. Si wote walioridhika. Lakini wapo walioacha kupinga, na wapo walioanza kumpeleka mgonjwa kituoni wenyewe.

Kati ya mwisho wa 2012 na 2013 sindano zikaanza kugawiwa, na kila sindano iliyotoka ilitafutwa irudi. Mwaka 2013 nao ulileta serikali za kaunti, na huduma za afya zikashuka kutoka Nairobi hadi mezani kwa viongozi wanaoweza kufikiwa kwa matatu.

Neno baada ya kumeza

Sindano safi inazuia maambukizi, lakini haiondoi uraibu. Jirani zetu walishatangulia: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, na baadaye Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, ikapata kliniki yake.

Methadoni ni dawa ya maji. Inashika mahali pale pale ubongoni ambapo heroini hushika, ila inakaa mwilini takriban siku nzima, kwa hiyo arosto haipandi na mtu hana haja ya kukimbilia kete ya unga kila baada ya saa chache. Mgonjwa hufika kliniki kila siku. Hutambuliwa kwanza, kisha muuguzi humpimia dozi yake katika kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa mbele yake, anaongeza maji, anayanywa nayo. Halafu muuguzi humwomba aseme neno, lolote, ili ajue dawa imemezwa na haikufichwa mdomoni.

Utaratibu huo ni wa kulinda dawa. Lakini kwa mtu ambaye kwa miaka mingi hakusemeshwa ila kwa kufokewa, kila asubuhi kuna mtu anayemjua kwa jina na anayesubiri kusikia sauti yake. Kliniki peke yake isingemfikisha hapo. Mhudumu wa mitaani alimtafuta, shirika likamwandaa, familia ikakubali kumpokea tena, kaunti ikatoa jengo na wauguzi, mfadhili akanunua dawa. Ukiondoa mmoja, mnyororo unakatika.

Upepo ukigeuka

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ikaguliwe. Kenya, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea fedha hizo katika vita dhidi ya Ukimwi, ilitikisika. Huduma za watu waliotengwa na jamii, wakiwamo wanaojidunga, ndizo hutangulia kuyumba katika hali kama hiyo, kwa sababu hakuna anayeandamana kwa ajili ya teja.

Watu wa kisiwa hiki wanaujua upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na hakuna nahodha aliyepanga safari kana kwamba isingegeuka. Msaada wa ng'ambo ni wa kushukuru, na umeokoa maisha ya wanetu. Lakini dozi ya methadoni inatakiwa kila siku, pamoja na sikukuu.

Ndiyo maana naamini hatua inayofuata imo katika desturi yetu ya kale kuliko zote. Waliotutangulia walifunga maduka na nyumba ili kisima kisikauke. Mombasa yenye bandari, wafanyabiashara na wenye majumba inaweza kufunga mali kwa ajili ya vituo vya kutibu uraibu, pato lake likalipa wahudumu na wauguzi upepo uwe wa kaskazi au wa kusi. Na katika kamati ya wakfu huo, pamoja na sheikh, daktari na mfanyabiashara, akae mtu aliyewahi kuishi maskani. Miaka hii imeonyesha kwamba yeye ndiye anayejua mgonjwa amejificha wapi, na ni nani anayeweza kumwita akaitika.

Kesho alfajiri magunia ya Marikiti yatafunguliwa tena, na mwenye mkoba atapita kati ya mikokoteni akielekea vichochoroni. Tuhakikishe mkoba wake hauendi mtupu.