Vampirella: Alianza Kama MC, Akaishia Kuwa Staa

Kila shughuli ina MC. Anachekesha watu, anatambulisha wageni, halafu wenye shughuli wanakata keki yeye yuko pembeni na maiki yake. Katuni za kutisha za Marekani nazo zilikuwa na ma-MC wake, na kuna mmoja wa kike aligoma kukaa pembeni.

Tuanzie 1950. Kampuni ya EC ilikuwa na ma-MC watatu, wanaume wawili na kikongwe mmoja mchawi, nywele timutimu, aliyesimamia The Haunt of Fear. Kazi yake ilikuwa kufungua stori kwa utani wa makaburini na kuifunga kwa kicheko. Jina lake mwenyewe hakuwa nalo. Aliitwa tu Old Witch, yaani bibi mchawi.

Mwaka 1954 mambo yakaharibika. Kelele zilizidi kwamba katuni zinaharibu watoto, wachapishaji wakajiwekea kanuni kali. Vampaya marufuku! Hata neno "horror" kwenye jina la kitabu marufuku. Bibi akakosa kibarua.

Kampuni ya Warren ikaona mwanya, maana kanuni zile hazikugusa majarida makubwa yasiyo ya rangi. Ikatoa Creepy 1964, kisha Eerie, ma-MC wote madume. Septemba 1969 likaja jarida la Vampirella, na safari hii MC ni binti mrembo, vampaya kutoka sayari ya Drakulon, ambako damu inatiririka mtoni kama maji. Alitungwa na Forrest J Ackerman. Kivazi chake chekundu kilibuniwa na mwanamke, Trina Robbins.

Mwanzoni naye alikuwa wa utani tu. Stori zake mwenyewe zilikuwa vichekesho. Mambo yaligeuka toleo la 8, mwaka 1970, mwandishi Archie Goodwin alipompa stori nzito: anahitaji damu ili aishi ila hataki kuua mtu, anategemea dawa inayoziba nafasi ya damu, na ukoo wa Van Helsing unamwinda. Kuanzia toleo la 12 Mhispania José González akawa anamchora, na sura aliyompa ndiyo wengi wanaikumbuka. MC kawa mwenye shughuli!

Lakini kila kitu kina bei yake. Trina Robbins baadaye alilalamika kwamba wachoraji waliofuata walizidi kukipunguza kivazi alichokibuni. Yaani bibi alivaa gubigubi akakosa jina. Binti kapata jina, kapata stori, nguo ndiyo ikapungua.

Mwaka 1983 Warren ikafilisika na jarida likaishia toleo la 112. Wengine wakamchukua, stori zake zikaendelea kutoka, hadi filamu akafanyiwa mwaka 1996. Kampuni ilikufa, MC bado yuko kazini.