Kinamasi Kilichoshtakiwa Wizi wa Maji

Mto Nile Mweupe, ukisha kupita Mongalla katika Sudani ya Kusini, hupoteza kingo zake ukatawanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd, neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi. Jina hilo ni la wapita njia. Seneca alisimulia habari za askari wa Kaisari Nero waliofika penye mabwawa yasiyopitika, wakarudi. Hata mwaka 1841 ndipo mashua za Muhammad Ali wa Misri zilipopenya mpaka Gondokoro. Walakini mafunjo yaling'oka na kuziba njia mara kwa mara, na katika miaka ya 1899 na 1900 Meja Peake alikuwa na kazi ya kuyakata na kuyaondoa.

Kisha shtaka likabadilika. William Garstin, aliyeyatazama maji kwa haja ya mashamba ya Misri, alieleza mwaka 1904 kwamba karibu nusu ya maji yaingiayo Sudd hupotea, akapendekeza mfereji wa kukizunguka kinamasi.

"Hupotea" ni neno la mtu akaaye mbali. Mafuriko yakishuka huacha malisho mabichi, ambayo Wadinka huyaita toic. Huko ndiko ng'ombe wao huishi wakati wa kiangazi, nyasi za nchi ya juu zikiwa zimekauka. Nzohe hukanyaga tope na mafunjo yaliyolala kwa kwato ndefu zenye kupanuka, asizame. Kamongo, samaki mwenye mapafu, huja juu ya maji kuvuta pumzi, na hapo humngoja yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, aliyesimama muda mrefu bila kutikisika. Viumbe hawa hawamo katika hesabu ya mvuke.

Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa mwaka 1978. Ulikusudiwa kuwa na urefu wa kilomita 360 hivi, na zipatazo 240 zilikwisha chimbwa vita vilipozuka mwaka 1983, na mashambulio ya waasi yakaisimamisha kazi. Kiongozi wao, John Garang, alikuwa ametunga tasnifu ya udaktari huko Iowa mwaka 1981 juu ya maendeleo ya vijijini katika eneo lilo hilo la Jonglei. Mtambo mkubwa wa kuchimbia ukaachwa kupata kutu, na handaki likabaki, likikata njia za swala na za ng'ombe waendao malishoni.